Hesabu ya Petroli: Beryl Markham na Bahari ya Atlantiki, 1936

Katika Atlantiki ya Kaskazini pepo huvuma kutoka magharibi. Rubani anayeivuka kutoka Amerika kwenda Ulaya husukumwa. Anayetoka Ulaya hupigana nazo njia nzima. Charles Lindbergh aliporuka kutoka New York hadi Paris mwezi Mei 1927, kwa saa 33 na nusu, alikwenda upande ambao bahari inampenda mtu. Siku chache kabla yake Wafaransa wawili, Charles Nungesser na François Coli, walikuwa wameondoka Paris kwa nia ya kufika New York, na hawakuonekana tena. Mwaka huohuo Princess Anne wa Löwenstein-Wertheim alipanda ndege Uingereza akiwa abiria wa Leslie Hamilton na Frederick Minchin; wote watatu wakapotea baharini. Machi 1928 akapotea Elsie Mackay pamoja na Kapteni Walter Hinchliffe. Mwezi uliofuata ndege ya Kijerumani iitwayo Bremen, yenye watu watatu, ndiyo iliyofaulu kwanza kuvuka kwa njia hiyo ngumu, ila ilishukia kisiwa kidogo cha Kanada kiitwacho Greenly, mbali sana na New York iliyokusudiwa.

Miaka minne baadaye Jim Mollison akavuka peke yake kutoka Ayalandi hadi New Brunswick. Amelia Earhart naye alivuka peke yake mwaka huo wa 1932, lakini yeye alitokea Newfoundland na upepo ukamfuata nyuma. Hivyo basi, hadi kiangazi cha 1936, hapakuwa na mwanamke aliyevuka peke yake kuelekea magharibi, na hapakuwa na mtu yeyote, mwanamke au mwanamume, aliyeruka peke yake kutoka ardhi ya Uingereza hadi Amerika ya Kaskazini bila kutua njiani.

Mtu aliyefanya hayo mawili kwa mkupuo mmoja alikuwa amefunzwa urubani Nairobi.

Beryl Clutterbuck alizaliwa Uingereza mwaka 1902 na kuletwa Kenya akiwa mtoto mdogo. Baba yake, Charles Clutterbuck, alilima na kufuga farasi wa mashindano huko Njoro. Mama hakudumu, alirudi Uingereza, na binti akakulia miongoni mwa watoto wa Kinandi waliokuwa shambani, akizungumza Kiswahili na Kinandi, akiwafuata wakubwa wao kuwinda. Rafiki yake wa utotoni, Kibii, alipotahiriwa akawa arap Ruta, na baadaye akafanya kazi naye miaka mingi, kwanza kwenye mazizi ya farasi, kisha kwenye ndege. Jina la Markham alilipata kwa mume wa pili.

Mwalimu wake wa urubani alikuwa Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake bado liko kwenye Uwanja wa Wilson. Mwaka 1931 Campbell Black alitafuta na kumpata rubani Mjerumani Ernst Udet, aliyekuwa amekwama na ndege yake kwenye mabwawa ya Nile huko Sudani. Mwanafunzi wa mtu kama huyo hujifunza mapema kwamba ndege ikianguka mahali pasipo watu, kinachoamua kama utaonekana tena ni yale uliyoyapanga kabla ya kuondoka.

Mwaka 1933 Beryl alipata leseni ya rubani wa biashara. Alibeba barua, abiria, dawa na wagonjwa. Alitafuta tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji, akiwemo Bror Blixen, akiandika lilipo kundi kwenye karatasi na kuidondosha kambini. Hakuwa na redio. Ramani alizotumia zilikuwa na sehemu kubwa zilizoachwa wazi, kwa kuwa hapakuwa na aliyezipima. Viwanja vyake vilikuwa nyasi zilizofyekwa na mashimo ya ngiri yaliyofukiwa, kama yalifukiwa. Aliwajua waliokufa kwa urubani: Maia Carberry, rubani kijana aliyeanguka Nairobi mwaka 1928, na Denys Finch Hatton, aliyeungua na ndege yake Voi, Mei 1931. Mwaka 1932 Beryl alikuwa ameruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza katika ndege ndogo ya Avro Avian, juu ya mabwawa ya Sudd na jangwa. Wanaoandika kwamba alivuka Atlantiki kwa ujasiri wa kurithi huniudhi. Alivuka kwa mazoea ya miaka mitano ya kujiuliza, kila asubuhi, petroli hii itanifikisha wapi ikiwa nitakalolikuta mbele si nililoambiwa.

Wazo lenyewe, kama alivyosimulia katika kitabu chake, lilizaliwa mezani huko Nyeri, kwenye hoteli ya White Rhino. John Carberry, mume wa marehemu Maia, alikuwa bwana wa Kiayalandi aliyeachana na cheo chake cha ukoo na kuhamia Kenya. Alipenda ndege, alikuwa na fedha, na alikuwa na ulimi mkali. Alikuwa ameagiza ndege mpya Uingereza, akasema atamwazima Beryl kwa safari moja: avuke Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi. Sharti lilikuwa moja. Ndege irudi kabla ya mwisho wa Septemba 1936, maana Carberry aliitaka kwa ajili ya mashindano ya Schlesinger, kutoka Portsmouth hadi Johannesburg. Tarehe hiyo ilikuja kuwa na uzito kuliko ilivyoonekana pale mezani.

Ndege ilikuwa Percival Vega Gull, iliyojengwa kwa mbao Gravesend, kando ya mto Thames, katika kiwanda cha Edgar Percival. Ilikuwa na bawa moja la chini, viti vinne, rafadha ya kubadilisha pembe, na injini moja ya de Havilland Gipsy Six yenye nguvu ya farasi 200. Ilipakwa rangi ya feruzi na fedha, ikaandikishwa Kenya kwa herufi VP-KCC, ikaitwa The Messenger. Beryl alikwenda Gravesend mara kwa mara kuitazama ikijengwa, na naamini ziara hizo zilikuwa kazi ya maana kuliko chochote alichofanya mwezi huo. Rubani wa safari ndefu lazima ajue kila bomba la mafuta linatokea wapi na linaishia wapi, kwa sababu usiku, peke yake, atalazimika kulifuata kwa vidole.

Kwa kawaida Vega Gull ilibeba petroli ya kilomita elfu moja hivi. Hii ilipaswa kubeba ya zaidi ya kilomita 6,000. Viti vikaondolewa, na matangi yakajazwa mahali pa abiria, pamoja na yale ya mabawani. Injini ya namna ile, ikikaa hewani saa 24, hula zaidi ya lita 1,000. Lita 1,000 za petroli ni zaidi ya kilo 700, karibu sawa na uzito wa ndege yenyewe ikiwa tupu. Rubani alibaki na nafasi ya kukaa tu, akiwa amezungukwa na mafuta nyuma na pembeni.

Kutoka hapo kila kitu kilipimwa kwa kilo. Redio iliachwa. Redio za wakati ule zilikuwa nzito, na katikati ya bahari msaada wake ulikuwa mdogo. Kilo zake zingeweza kuwa petroli. Lindbergh naye aliacha ya kwake kwa sababu hiyohiyo. Kisha likaja jambo la jaketi la kuokolea maisha. Beryl aliona hawezi kubeba jaketi pamoja na nguo za baridi, akachagua nguo za baridi. Leo uamuzi huo unaonekana wa kichaa, lakini ufikirie vizuri. Katika maji ya Atlantiki ya Kaskazini mtu huishiwa nguvu upesi kwa baridi, na bila redio hakuna anayejua pa kumtafuta. Jaketi lingemweka juu ya maji akiwa anaganda. Nguo za baridi zingefanya vidole vyake viendelee kufungua koki za matangi saa kumi na tano baada ya kuondoka. Alipeleka uzito mahali ulipoweza kumsaidia, na mimi sioni kosa katika hesabu hiyo.

Koki hizo zilikuwa na masharti yake. Matangi ya ndani hayakuwa na geji. Hakukuwa na namna ya kujua kilichobaki isipokuwa kwa saa, na kwenye tangi moja kulikuwa na karatasi ya kumjulisha kwamba linatosha kwa saa nne. Aliambiwa pia kwamba akitaka kutumia kila tone, ni afadhali aliache tangi liishe kabisa ndipo afungue jingine. Injini inaweza kuzima kwa muda, kisha itawaka tena. Maneno hayo, ukiyasikia kiwandani mchana, fundi akiwa amesimama karibu nawe, ni ya kawaida kabisa.

Sasa upepo. Kutoka Abingdon, magharibi ya London, hadi New York ni karibu kilomita 5,500 kwa njia fupi kabisa. Ndege ilikuwa na mafuta ya kilomita 6,100 hivi katika hewa tulivu, kwa muda wa saa 24. Akiba basi ni kilomita 600, ambazo kwenye ramani zinaonekana nyingi. Zigawe kwa saa 24 uone: upepo wa mbele wa wastani wa kilomita 25 kwa saa tu, upepo ambao mvuvi wa pwani yetu angeuona wa kawaida, unaimaliza akiba yote. Na pepo za omo katika bahari ile huzidi mara mbili ya hapo bila shida. Kwa hiyo New York lilikuwa tumaini. Mpango wenyewe ulikuwa kufika Newfoundland, kupita juu yake, na ikibidi kutua Sydney, mji wa kisiwa cha Cape Breton huko Nova Scotia, kuongeza mafuta. Nadhani ndiyo sehemu ya busara kuliko zote katika mpango ule, na magazeti yalikuja kuisahau.

Njia fupi juu ya dunia ya mviringo haionekani nyooka kwenye ramani ya kawaida. Hupinda kwenda kaskazini, na rubani anayeifuata hulazimika kubadilisha mwelekeo wa dira kila baada ya muda. Juu ya hilo, kadiri anavyokaribia Newfoundland sindano ya dira humdanganya zaidi, kwa kuwa kaskazini ya sumaku iko mbali na kaskazini ya kweli kwa nyuzi nyingi. Masahihisho yote hayo huandikwa kabla ya safari, kwa penseli, mezani. Angani mtu anabaki na dira, saa, mwendo unaoonyeshwa na kipimo, na kisio lake la upepo asiouona. Kosa la nyuzi chache likiachwa saa kumi humpeleka mbali na pwani aliyoitarajia.

Saa ya kuondoka nayo ilikuwa na mantiki yake. Ukiruka jioni, giza hukukuta juu ya bahari, mahali ambapo hata mchana hakuna cha kutazama isipokuwa maji, na mapambazuko hukukuta upande wa pili, unapohitaji macho kutambua nchi kavu. Gharama yake ni usiku mrefu. Anayekwenda magharibi hulikimbia jua la asubuhi, na usiku wa Septemba hurefuka kwa saa kadhaa.

Uwanja ulikuwa wa mwisho kupangwa. Viwanja vya kawaida vya wakati huo vilikuwa vifupi mno kwa ndege iliyobeba uzito wake mwenyewe kwa petroli, kwa hiyo jeshi la anga likakubali atumie uwanja wake wa Abingdon. Kisha akasubiri. Wataalamu wa hali ya hewa walitoa utabiri siku baada ya siku, na siku baada ya siku ulikuwa mbaya. Septemba ikaanza. Kila siku iliyopita ilisogeza baridi karibu na kula siku za Carberry. Tarehe 4 utabiri haukuwa mzuri. Ila haukuwa mbaya kuliko wa siku zilizotangulia, na hapakuwa na dalili ya nafuu. Hapo ndipo mpango mzuri hubanwa na tarehe ya mtu mwingine. Marubani wengi wamekufa kwa sababu hiyo, na ninapoisoma habari ya siku ile ndipo ninapopata hofu, kuliko ninapoisoma ya usiku wenyewe. Jim Mollison alimwazima saa yake ya mkononi, saa aliyokuwa amevuka nayo bahari ileile. Kabla giza halijaingia Beryl akawasha injini, akaiacha ndege ikimbie mbali kwenye njia ile ndefu, ikapaa.

Alivuka Ayalandi katika mvua na mawingu. Baharini alikutana na dhoruba na upepo wa mbele wa kilomita zaidi ya 60 kwa saa, maradufu na zaidi ya ule uliotosha kumaliza akiba yake. Ndipo tangi la karatasi ya saa nne likaisha, na injini ikazima, kama alivyoambiwa. Alikuwa futi 2,000 tu juu ya maji, gizani, ndani ya dhoruba. Akainama kutafuta koki kwa kurunzi huku ndege ikishuka. Alipofungua tangi jingine injini haikuitika papo hapo, na ilipowaka tena alikuwa amebakiwa na futi mamia machache tu. Mikono ilijua pa kwenda kwa sababu ilikuwa imeshafika pale kabla, Gravesend.

Asubuhi ilikuja na ukungu. Baada ya saa nyingi akaiona pwani ya Newfoundland, karibu pale alipoitarajia, baada ya usiku mzima wa kwenda kwa dira, saa na kisio. Kwangu mimi hilo ndilo tendo kubwa la safari ile. Akarekebisha mwelekeo, akaelekea Cape Breton na Sydney. Kwa hesabu, tangi la mwisho lilikuwa bado na mafuta ya kumfikisha. Injini ikaanza kukohoa.

Tangi la mafuta lina tundu dogo la kupumulia. Petroli inapotoka, hewa huingia kushika nafasi yake. Tundu likizibwa, mafuta hukwama ndani, kama maji ya dumu lililozibwa kila upande isipokuwa mdomo mdogo wa chini. Barafu ya usiku ule ilikuwa imeziba tundu la tangi la mwisho. Mafuta yalikuwapo, ila hayakuifikia injini ya kutosha. Beryl aliendelea kuzungusha koki hadi mikono ikamwuma, injini ikifa na kufufuka, hadi nchi kavu ikawa chini yake na hakuna tena mwinuko wa kupoteza. Alichagua mahali palipoonekana kama uwanda wa kijani. Kilikuwa kinamasi chenye mawe. Magurudumu yakazama, ndege ikasimama kwa pua, naye akajeruhiwa kichwa. Ilikuwa tarehe 5 Septemba, katika kijiji cha wavuvi cha Baleine. Kwa hesabu yake alikuwa hewani saa 21 na dakika 25. Umbali wa kutoka Abingdon ni kilomita 4,200 hivi, maana yake ndege ilisogea kwa wastani wa kilomita kama 197 kwa saa, badala ya 250 na ushei ilizoahidi hewa tulivu. Tofauti hiyo ndiyo upepo.

Wavuvi wakamwona akitembea matopeni, wakamsaidia. Alisikitika kwamba hakufika New York. Mji wenyewe haukujali. Alipopelekwa huko kwa ndege nyingine, umati ulimngoja uwanja wa Floyd Bennett, na Meya Fiorello La Guardia akampokea. Furaha haikudumu wiki tatu. Tarehe 19 Septemba Tom Campbell Black, akijiandaa kwa mashindano yaleyale ya Johannesburg, aligongwa na ndege ya jeshi kwenye uwanja wa Speke, Liverpool, akiwa bado ardhini, akafa. Carberry hakuipata ndege yake kwa wakati. Mashindano yalizishinda karibu ndege zote. Moja tu ilimaliza, ya C. W. A. Scott na Giles Guthrie, nayo ilikuwa Vega Gull.

Beryl aliandika habari hizi katika kitabu West with the Night, kilichotoka mwaka 1942, kikasahaulika, kikachapishwa upya mwaka 1983 na kumrudishia wasomaji akiwa mzee. Alikuwa amerudi Kenya zamani, akawa mkufunzi wa farasi aliyeheshimika, na farasi wake wakashinda Kenya Derby mara kadhaa. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986. Arap Ruta, aliyezisukuma ndege zake kutoka kwenye banda na kuzingoja jioni kiwanjani, tunamfahamu zaidi kwa kurasa za kitabu hicho. Magazeti ya London na New York hayakuuliza nani alimfanya rubani yule awe alivyokuwa.

Hata leo wanaopeleka ndege ndogo upande wa pili wa Atlantiki moja kwa moja huondoa viti na kuweka matangi mahali pake. Wengine huruka hatua kwa hatua kupitia Greenland na Iceland, wakiwa na mtambo wa kuongozwa na satelaiti na mavazi mazito ya kuzuia maji baridi. Hesabu ya upepo na petroli huifanya vilevile alivyoifanya Beryl, na matundu ya matangi huyakagua kabla ya kupanda.

The Messenger yenyewe ilirudishwa Afrika Mashariki. Beryl aliandika, kwa uchungu, kwamba iliuzwa na ikaishia Dar es Salaam, ikaachwa kwenye hewa ya chumvi hadi injini ikaliwa na kutu. Hakuna aliyeona wakati ule kwamba ndege ya kwanza kumfikisha mtu peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika bila kutua njiani, yenye herufi za Kenya ubavuni, ilistahili banda la kuihifadhi. Ilistahili, na nasikitika kwamba watoto wa Nairobi na wa Dar es Salaam hawawezi kupelekwa leo kuiona, waguse mbao zake na kuonyeshwa mahali koki zilipokuwa.